Ng'ombe Aliyetuhamisha Makongeni

Wiki jana nilikuwa Thika kwa shughuli zangu, nikasema wacha nipitie Makongeni. Miguu ilinipeleka yenyewe hadi kwenye kona ya ile buchari ya zamani, duka la nyama. Buchari haipo tena, rafiki yangu. Kuna gorofa, na chini yake duka la simu lenye bango la plastiki lililochapishwa kwa mashine. Nilisimama hapo na mfuko wangu wa ndizi nikaanza kucheka peke yangu, mpaka mama mmoja anayeuza sukuma wiki akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa kabisa, nilimwambia. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba ukutani hapo palikuwa na ng'ombe aliyefanya tufukuzwe nyumba?

Mama yangu alikuwa mchoraji wa mabango. Alitoka kwa mume wake huko Ngoliba akiwa amenibeba mgongoni, na sababu ya kutoka hakuwahi kuniambia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka namba kwenye makreti ya kiwanda fulani. Baada ya miaka michache aliona mkono wake unaweza zaidi ya namba, akaacha kazi, akanunua brashi tatu na ngazi kuukuu. Majirani walisema amerukwa na akili. Mwanamke juu ya ngazi, watu wazima wakipita chini? Mama alivaa suruali ndani ya rinda, akapanda.

Wakamwita Mama Rangi, na jina likashika. Chumba chetu kimoja kilinuka mafuta ya taa na rangi mbichi, na katikati ya harufu hiyo yote sufuria ya githeri ilitokota polepole tangu asubuhi. Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi, njaa inaniuma. Jumamosi tulikwenda kazini pamoja. Alikuwa na kamba aliyoipaka chokaa. Mimi nashika huku, yeye kule, anaivuta katikati na kuiachia, pa! Mstari mweupe unabaki ukutani, umenyooka. Halafu anaandika neno akianzia herufi ya mwisho, akirudi nyuma, ili nafasi isimwishie njiani. Watu walisimama kumtazama wakibahatisha ni neno gani linakuja.

Lakini alikuwa na tabia moja. Hakuweza kuchora uso usio na mwenyewe. Kichwa alichomchorea kinyozi kilikuwa cha mzee wa kanisa, na hata upara wake ulikuwepo. Kuku wa hoteli ya jirani alifanana na mwalimu wangu wa hesabu, na nilipata taabu kubwa darasani. Hakukusudia ubaya. "Naanza na macho," alikuwa akisema, "na macho yanakuja na mwenye nayo."

Basi mwenye buchari akataka ng'ombe. Mama alifanya kazi siku tatu, na kwa kweli sijaona tena ng'ombe mzuri hivyo: mwekundu, mnene, shingo imeinuliwa. Ila macho yalikuwa ya mwenye ploti wetu, mzee aliyetupangisha chumba. Yalikuwa makubwa, yamejaa mashaka, na la kushoto limelegea kidogo. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umejua. Vijana walipita wakimsalimia ng'ombe: "Mzee, sasa? Umeamkaje?"

Mwenye ploti alikuja mlangoni kwetu akiwa na kofia mkononi.

"Mama, ile ng'ombe iko na macho yangu."

Mama alikuwa anamenya viazi. "Basi iko na macho mazuri, mzee."

"Si mchezo! Watu wananicheka. Nataka yatoke. Mwisho wa mwezi nikiyaona bado, mnatafuta nyumba ingine."

Alipoondoka, mama aliendelea na viazi vyake. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na Makongeni ndiyo dunia niliyoijua. Kulikuwa na shule, rafiki yangu wa ploti ya pili, na king'ora cha kiwanda kilichoniamsha kila asubuhi. Nilimsihi mama ayabadilishe hayo macho, mambo yaishe. Alinijibu kwamba mwenye buchari ameridhika, na kazi ikishatoka mikononi mwake hairudii kwa sababu mtu amenuna. Siku zikaanza kuyoyoma.

Jumapili moja nilisema tumbo linaniuma, mama akaenda kanisani peke yake. Nilichukua mkebe wa rangi nyeusi na brashi ndogo, nikakimbia hadi buchari, ambayo ilifunguliwa mchana tu siku hiyo. Nilipanda juu ya kreti la soda nikayafunika macho yote mawili. Nilitaka kufanya kope zilizofumba, lakini yalitoka madoa mawili tu.

Na unajua nini? Yalifaulu. Mwenye ploti alipotoka kanisani aliona, akaja kwetu na mkate chini ya kwapa. "Mama Rangi, asante. Umenisikia. Kaa, nyumba ni yako." Mama alipokea mkate, akashukuru, akaniangalia. Nilificha mikono nyuma.

Mgeni alipotoka, mama alimimina mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, akanivuta karibu. Alinisugua kucha, kidole baada ya kidole, mpaka weusi wote ukaisha. Nilingoja kofi, halikuja. Tulikula ule mkate na chai.

Jumatatu alibeba ngazi, akaenda kurudisha macho. Jicho la kushoto alilichora likiwa limelegea vilevile. Nilimfuata nikilia kwamba nyumba tulikuwa tumeshaipata, kwa nini anaitupa? Alijibu akiwa juu, bila kugeuka.

"Nyumba ni yake. Macho ni yangu. Kila mtu achukue chake."

Mwisho wa mwezi tulipakia vitu kwenye pikapu, tukahamia Ruiru. Nilimkasirikia mwezi mzima, nakiri. Lakini Ruiru ilikuwa inakua na kila mwenye duka alitaka jina lake ukutani, na kwa miaka mingi mama alipanda ngazi mpaka akajenga nyumba yake mwenyewe, ndogo, yenye mlango wa samawati. Hakuna aliyewahi kumpa notisi tena. Wanangu walipokuja, aliwapa ukuta wote wa nyuma wachore wanavyotaka. Kila Desemba aliupaka chokaa upya ili waanze tena. Sijui watoto waliokuwa na furaha kuliko wale, na mimi nilikaa kwenye stuli na chai yangu nikiwatazama, nimetulia moyo.

Walimpenda sana bibi yao kwa hadithi ya ng'ombe. "Shosho, tuambie vile mlikuja Ruiru!" Naye alisimulia kwa mikono yote miwili, akimwiga mwenye ploti na kofia yake. Akifika pale macho yalipopotea, kila mara alisema mvua kubwa ilinyesha ikayaharibu, ikabidi ayarudishe. Mara moja, nikiwa mtu mzima na watoto wangu watatu, dhamiri ilinisuta nikamkatiza.

"Mama, lakini si mvua..."

"Ilikuwa mvua," alisema. "Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka."

Akaendelea na hadithi yake.

Mama alituacha mwaka juzi, na mabango yake yamefutwa karibu yote, Thika na Ruiru. Wanangu sasa wanawasimulia wenzao habari za ng'ombe, na mvua imo. Nawaacha wasimulie. Nimebaki peke yangu ninayejua kwamba mwezi ule mzima, Makongeni mvua haikunyesha hata tone.