Kabati la Kilburn

Bi Jokha wa Ilford, mashariki mwa London, hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya sokoni mpaka siku bintiye Malak aliposema anahama. Amepata chumba Kilburn, upande wa pili wa jiji, karibu na kazini. Jokha, Mpemba aliyemlea mtoto huyo peke yake, hakulia wala hakugomba. Alinunua daftari akaanza kutunga riwaya ya kutisha.

Mimi Placida ninafanya naye kazi ya kuhudumia wazee, basi nilisomewa yote wakati wa chai. Ilikuwa na visa vitatu vilivyosukwa pamoja kama ukili wa mkeka. Muuza udi wa Edgware Road anapata mteja asiye na kivuli. Nesi mmoja ndani ya treni anamwona abiria yule yule kila kituo, amempa mgongo. Na msichana amepanga chumba Kilburn, ambako kila alasiri kabati linapiga hodi. Visa vyote vilielekea kwenye kabati hilo. Mimi mtu wa Moshi, siogopi ovyo, lakini wiki ile nguo zangu zililala kwenye kiti, si kabatini.

"Dada, mbona majini yote ya London yamehamia Kilburn?" nilimuuliza.

"Ndiko yalikopata nafasi," alinijibu, uso mkavu.

Jumapili moja kabla Malak hajahama, Jokha aliniita nyumbani. Malak alikuwa anafunga maboksi, mama akasoma kwa sauti. Binti huyu anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, jambo linalomuuma mama yake kuliko jino. Mwanzoni aliendelea kubandika utepe wa gundi. Kabati lilipopiga hodi mara ya tatu, alikaa juu ya boksi. Jokha akafunga daftari.

"So who is it, Mum?" Malak aliuliza, akitaka kumjua anayebisha.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

Lilimtoka kwa mazoea. Aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, na mtegaji lazima auchukue, aende akakae huko, ndipo atoe jibu. Utotoni Malak alikuwa akimpa Makka, na Ilford yenyewe siku za uvivu.

Malak alimtazama sana mama yake. Kisha akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, "Nakupa Kilburn."

Mtego wa Jokha ulikuwa umemnasa mwenyewe, maana mji ukishatolewa haukataliwi. Mimi niliyekuja kucheka nikamwonea huruma.

"Nimekwenda Kilburn," alisema polepole. "Nikala, nikanywa, nikamkuta binti yangu mzima." Akamgeukia Malak. "Aliyekuwa kabatini ni mama mtu. Alikuwa anabisha kuuliza kama mwanawe amekula."

Malak aliinuka. Alitoa mfukoni funguo mbili za chumba kipya, akachomoa mmoja, akauweka juu ya daftari.

"Upite mlangoni, Mama," alisema.