Wino wa Kiganjani

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake hapa Kilindoni, na hodari sana wa kuwakumbusha wenzangu kwamba jambo lisiloandikwa kwenye faili halikufanyika. Mwenyewe huandika kwanza kiganjani, nikijiapiza kwamba nitanakili baadaye.

Juzi wodi ilifurika. Nilipima presha na joto la kila mgonjwa, kiganja kikajaa namba, mara ikaadhiniwa adhuhuri. Nikakimbilia kutia udhu. Bombani hakuna maji. Bibi mmoja aliyejitanda kanga akanimiminia ya kopo, tena akanisugua mikono kama mama anavyomwogesha mwanawe. Kwa haraka niliyokuwa nayo, nikamshukuru bila kumtazama usoni.

Niliporudi wodini, kiganja cheupe pee! Basi nikajaza mafaili kwa kukisia. Kitanda cha nne alilazwa bibi wa Kiegeani, ambaye jana yake hakuweza hata kukaa. Nikaandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Hawezi kuinuka. Anaogeshwa kitandani."

Alasiri daktari akayasoma hayo kwa sauti, matroni akiwa pembeni. Kisha wote watatu tukakitazama kitanda. Kitupu.

"Sista, huyu asiyeinuka yuko wapi?" daktari akaniuliza.

Bibi akaingia na kopo lake mkononi, akaketi kwenye kitanda cha nne.

"Shikamoo, bibi," daktari akasema.

"Marahaba, baba." Akaninyooshea kidole, akitabasamu. "Mwanangu huyu ana dini, ila mikono yake ilijaa wino! Nimemsugua mimi mwenyewe, haikubaki hata namba moja."