Mwalimu na Mwenzake

Siku uvumilivu wangu ulipoisha nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya katibu wa chama cha tenisi cha wilaya, Kilosa mjini, mtoto wa miezi minane mgongoni, na katibu alikuwa anakula karanga. Daftari la matokeo lilikuwa wazi mbele yake. Alishusha kidole mstari kwa mstari huku anatafuna.

"Jina lako halimo, dada."

"Limo. Angalia wawili wawili, wanawake."

"Ndiko ninakoangalia. Hapa yupo Mwalimu, kaandikwa majina yake yote matatu. Halafu 'na mwenzake'. Huku tena Mwalimu na mwenzake. Na huku."

"Huyo mwenzake ni mimi."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akarusha karanga nyingine mdomoni. "Mwenzake anaweza kuwa mtu yeyote. Hata huyo uliyembeba."

Karani aliyekaa dirishani akacheka. Nilifungua kanga, nikamshusha mwanangu na kumkalisha juu ya daftari, katikati kabisa ya ukurasa.

"Haya, mwandike huyu," nikasema. "Mpeleke mkoani akasimame wavuni."

Mtoto akakamata karanga, nikamnyang'anya kabla hajaipeleka mdomoni. Katibu akaanza kuvuta daftari taratibu, lakini utalivutaje na mtoto wa watu kalikalia? Akabaki ameshika pembe. "Dada, hii ni ofisi." Nikamjibu kwamba najua ni ofisi, ndiyo maana nimekuja mchana na nimevaa viatu. Daftari lilipona kwa sababu ya nepi tu.

Nilikuwa nimekwenda kuomba kitu kimoja. Kila wilaya hupeleka jozi moja ya wanawake kwenye timu ya mkoa, na jozi hiyo haipatikani kwa majaribio uwanjani. Katibu anafungua daftari, anatazama nani kashinda, anapeleka majina. Usipokuwa kwenye timu ya mkoa hakuna mashindano yatakayokuita, na ile hoteli ya watalii ya Mikumi iliyoniajiri kufundisha wageni tenisi ilishaniambia itanirudisha nikiwa bado mchezaji wa mkoa. Tenisi ndiyo kazi yangu. Watu wengine wana shamba la mpunga Tindiga, mimi nina raketi.

Sasa niseme jinsi nilivyogeuka kuwa mwenzake.

Mwalimu alinifundisha darasa la tano. Alikuwa amejifunza tenisi chuo cha ualimu, na alipopangiwa shule yetu akakuta kiwanja cha zamani cha klabu ya mashamba ya mkonge, majani yamefika kiunoni. Tulikifyeka sisi watoto. Mistari tulichora kwa majivu, na wavu tuliufuma wenyewe kwa kamba za katani, mzito kiasi kwamba mpira ukiugonga unaanguka palepale kama ndege aliyepigwa manati. Wenzangu wengi waliacha baada ya wiki chache. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa mrefu na sikuogopa mpira kuja usoni.

Nilipomaliza kidato cha nne Mwalimu akaniambia anataka kucheza wawili wawili na mimi ndiye anayemtaka. Ananizidi miaka kumi na minane. Mechi zetu za mwanzo tulipoteza kwa upuuzi. Mpira ulikuwa ukija katikati yetu, mimi namwachia yeye kwa kuwa ni mkubwa, yeye ananiachia mimi kwa kuwa nina miguu, mpira unapita katikati unakwenda zake. Watu wa pembeni wanacheka: "Hao wanapeana heshima." Siku moja akanishika bega akasema, "Ukishavuka mstari mweupe mimi si mwalimu wako. Ukiutaka mpira sema wangu. Ukiona nakuzubaisha, nifokee." Ilinichukua wiki nzima kuweza kumfokea. Nilipoweza, tukaanza kushinda.

Yeye alicheza nyuma, mpole, anarudisha kila kitu. Mimi nilisimama wavuni nikimalizia. Tulichukua ubingwa wa wilaya, tukachukua wa mkoa, tukarudia. Tulipelekwa Dar, tukapelekwa Arusha, tukaanza kuitwa kwenye mashindano ya kulipwa. Mabinti wa mjini waliokuja na makocha wao walikuwa wakitutazama sisi wawili, mama mtu mzima na bukta ndefu chini ya sketi na mimi na raketi yenye mpini uliozungushiwa mpira wa baiskeli, wakatabasamu. Baada ya seti ya kwanza walikuwa hawatabasamu. Peke yangu sikuwa kitu, nikicheza mmoja mmoja natolewa raundi ya kwanza. Wawili wawili nilikuwa bingwa, na nilijua.

Ile kazi ya Mikumi ilikuja kwa sababu hiyo. Kiwanja cha saruji, nyani wamekaa juu ya ukuta wakisubiri mpira utoke nje wauchukue wakautafune. Nilifundisha wazungu na wakubwa kutoka Dodoma. Nilijitambulisha kwao kwa kusema mimi ni bingwa wa mkoa, na hakuna aliyeuliza daftari linasemaje.

Fomu za mashindano nilikuwa nikizijaza mimi. Mwandiko wangu ni mzuri, wa Mwalimu umelala kama umechoka. Mara ya kwanza nilipofika kwenye nafasi ya majina ya wachezaji niliandika lake, majina yote matatu, kwa wino mweusi. Halafu nikasita. Kwetu jina lako halikai bega kwa bega na la mtu aliyekufundisha kusoma. Hata kwenye kadi ya mchango wa harusi mtoto huandikwa "na watoto", basi inatosha. Nikaandika "na mwenzake", nikaona nimefanya adabu. Fomu ya pili nikaiga ya kwanza. Ya tatu nikaiga ya pili. Katibu akanakili kwenye daftari kama nilivyoandika, na fundi wa vikombe akachonga kama katibu alivyonakili. Vikombe vyote viko kwenye kabati la Mwalimu, na hakuna hata kimoja chenye jina langu.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kunifuta ni mimi mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu niliporudi nyumbani Mikumi siku ile na kumweleza mume wangu, ambaye ni fundi wa matairi ya malori, alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Nani alijaza fomu?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mguu."

Akacheka mpaka akaweka chini spana. "Mama mtoto, wewe umejiibia mwenyewe halafu unatafuta mwizi."

Usiku huo ugali alijisongea. Lakini neno lake lilinikaa, na kadiri lilivyonikaa ndivyo nilivyozidi kuona mahali ambapo si kosa langu. Mimi niliandika vibaya. Sikuandika kwamba nimekufa. Katibu alikuwa amekaa chini ya kivuli pembeni ya kiwanja miaka yote hiyo, alinipa mkono kila fainali, aliwahi kunituma nikamletee soda. Ananijua kama anavyojua njia ya kwake. Nilipopata mimba nilimwandikia ujumbe kwamba napumzika, nitarudi nikijifungua, akanijibu "hongera sana". Nilipokuwa nanyonyesha akachukua binti mmoja aliyehitimu chuo Morogoro, akamuunganisha na Mwalimu, akapeleka mkoani rekodi zetu zote kama rekodi za jozi hiyo. Mwalimu na mwenzake. Mwenzake kabadilika, rekodi ziko palepale. Binti yule hajawahi kushinda hata mechi moja akiwa na Mwalimu, na anakwenda kwa ushindi nilioupata mimi.

Hilo nililijua palepale ofisini kabla sijambeba mwanangu kuondoka. Katibu alilisema kama mtu anayesoma taarifa ya mvua: "Jozi imeshapelekwa, dada. Mwalimu amekubali."

Nikatoka ofisini nikapanda bodaboda kwenda Munisagara, alikohamishiwa Mwalimu, kijiji cha kando ya reli. Nilimkuta kakaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Lete mjukuu wangu hapa."

Nikampa mtoto. Nikakaa, nikachukua hindi nikaanza kupukuchua, kwa sababu hata ukija na hasira huwezi kukaa bure mtu anafanya kazi. Tukapukuchua muda. Halafu nikamuuliza kama ni kweli amekubali.

"Waliniambia umeacha," akasema.

"Nani kakuambia nimeacha?"

"Na wewe hukuja kuniambia hujaacha. Mwaka mzima na zaidi."

"Nilikuwa na mimba, Mwalimu. Nilikuwa natapika."

"Najua. Mimi nimezaa wanne." Akamweka mtoto vizuri mapajani. "Nitakwambia ukweli kwa sababu umekuja mpaka hapa. Magoti yangu yana mwaka mmoja, labda hata huo hayana. Hii ndiyo mara yangu ya mwisho kwenda. Nikianza kusema maneno, katibu ataondoa jozi yote. Hutakwenda wewe, sitakwenda mimi."

"Basi niandikie barua tu. Kwamba mwenzako nilikuwa mimi."

Akachukua hindi jingine. Punje zilikuwa zinaanguka kwenye ungo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, na alilisema bila kuinua macho.

"Zile fomu nilikuwa naziona. Ulikuwa unaniletea nisaini, naona 'na mwenzake'. Siku ya kwanza nilitaka kukwambia andika jina lako, mtoto. Halafu nikaona jina langu liko peke yake, limependeza. Mimi miaka yote shuleni naandika majina ya watoto wa watu kwenye rejista. Nikasema acha."

"Kila mara, Mwalimu?"

"Kila mara."

Sijui mngefanya nini ninyi. Mimi nilimaliza hindi nililoshika. Nikaomba barua mara ya pili. Akasema, "Niache mpaka mashindano yapite." Nikamwambia mashindano yakipita barua itakuwa ya nini, ya kufungia vitumbua? Ni mara ya kwanza kumjibu hivyo nje ya kiwanja. Alinitazama kama alivyokuwa ananitazama darasa la tano, halafu akanirudishia mtoto. Sikuaga vizuri, na sijajutia mpaka leo.

Mama yangu aliposikia akasema niache, mkubwa hashitakiwi, nitaitwa mtovu wa adabu Kilosa nzima. Nikamwambia adabu ndiyo iliyonifikisha hapa. Nikanunua karatasi za fulskepu, nikasubiri mtoto alale mchana, nikaandika. Sikwenda kuchapa steshenari, niliandika kwa mkono makusudi. Asubuhi ya Jumatatu niliipeleka kwa afisa michezo wa wilaya, nikasimama mbele ya masijala mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Hii hapa kama ilivyo, nimeondoa majina tu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KATIBU WA CHAMA CHA TENISI CHA WILAYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mchezaji wa tenisi, mkazi wa Mikumi, na jina langu kamili limeandikwa juu ya barua hii kabla ya jina la mtu mwingine yeyote.

Nalalamika kwamba katibu amepeleka mkoani ushindi wangu wa wawili wawili na kumpa mchezaji ambaye hakuwepo, huku akijua fika nani alikuwepo. Nakiri kwamba fomu zote nilizijaza mimi na sikuandika jina langu. Lilikuwa kosa langu na sababu yake ilikuwa heshima. Naomba fomu hizo zitolewe zilinganishwe na mwandiko wa barua hii. Ambaye hakuwa mchezaji hawezi kuwa ndiye aliyejaza fomu zote.

Shahidi wangu ni Mwalimu niliyecheza naye. Namtaja bila ridhaa yake. Naomba aitwe ofisini kwako, na mimi niwepo, aulizwe swali moja tu: katika kila fainali, nani alikuwa amesimama wavuni? Atakalojibu nitalikubali, na akisema si mimi nitatundika raketi.

Siombi huruma kwa kuwa nina mtoto mchanga. Naomba majina yaliyopelekwa mkoani yazuiwe hadi swali hilo lijibiwe, au tuitwe mimi na huyo binti kiwanjani, kila mmoja acheze upande wa Mwalimu, na wewe ukiwa umekaa unatazama. Niko tayari siku yoyote utakayopanga. Naomba nijibiwe kwa maandishi.