Binti Yangu Hakuwekwa Bati Kichwani

Binti yangu si kichaa, hajawahi kuwa kichaa, wala hakuwekwa bati kichwani. Aliyeyaanzisha hayo ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, na ninyi wengine mkayapokea bila hata kuyapepeta. Kwa kuwa sasa yanasemwa mpaka misibani, nitayanyoosha mara moja.

Binti yangu ni fundi cherehani. Homa kali ilimwacha kiziwi akiwa mtu mzima, mwenye duka lake na wateja wake. Vifaa vya kuvaa sikioni havikumfaa, hivyo madaktari wakampandikizia waya mwembamba ndani kabisa ya sikio. Kidonda kilipopona, ikabaki kazi ya kurekebisha kifaa cha nje, kile kinachoshikamana na kichwa kwa sumaku. Mtaalamu hupiga mlio mmoja mmoja kwa kompyuta, akiupandisha taratibu, na mgonjwa husema: mdogo, sawa, au umezidi. Kwa majibu hayo ndipo sauti hupangwa.

Siku hiyo mimi nilikuwa nimelazwa kwa presha. Wifi akajitolea kumsindikiza. Akaketi mkabala na binti yangu, na kila mara mtoto alipokunja uso, wifi alimtolea macho na kumsemesha kwa midomo, akijua kuwa midomo anaisoma: "Usituaibishe kwa wataalamu. Sema sawa."

Akasema sawa. Mlio uliomtoa machozi, nao sawa.

Akarudi nyumbani dunia nzima ikimpigia kelele. Kijiko kikigusa sahani kilikuwa nyundo. Sauti ya mtu ilikuwa debe linaloburutwa. Mteja mmoja alipomfokea sikioni, alikivua kifaa, akakitupa kwenye droo ya vifungo na kumwonyesha mteja mlango. Kabla jua halijazama wifi alikwisha kuumaliza mtaa: "Mtoto wa watu kawekwa bati, akili zimehama. Duka lile bora alishike binti yangu mimi."

Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe alikuwa akishonewa na huyo huyo anayemla.

Nilipopata nafuu nikampeleka kliniki mwenyewe. Wifi akatufuata, kajipulizia manukato kama bibi harusi.

"Wifi, wewe kaa nje."

"Nikae nje? Mimi ni shangazi yake!"

"Sawa. Uwe shangazi wa nje."

Nikafunga mlango.

Mtaalamu, mama wa makamo, alishangaa. "Mbona safari ile kila mlio ulikuwa sawa?" Binti yangu akamweleza. Yule mama akavua miwani. "Mwanangu, humu ndani adabu ni kunigombeza. Usiposema umezidi, mimi nitajuaje?"

Basi binti yangu akamgombeza. Aligombeza mlio baada ya mlio, na sauti zikashushwa pale alipotaka yeye. Nyumbani nikawa naziba mdomo kwa kanga na kumtajia vitu vya kazi yake: uzi, pindo, kifungo, mkasi. Mwanzoni alikosea karibu vyote, akanuna, nami nikanuna, tukarudia kesho yake. Polepole maneno yakaanza kuwa maneno. Penye kelele bado hutazama midomo. Sitadanganya kwamba amerudishiwa sikio alilozaliwa nalo. Lakini duka alilifungua tena.

Wifi akaja kuchukua gauni lake. Binti yangu alikuwa amempa mgongo, cherehani imesimama, akitunga uzi kwenye sindano. Wifi akamwegemea mteja aliyekuwapo: "Sema tu unachotaka, shoga. Huyu ni gogo, hasikii kitu."

Binti yangu hakugeuka. "Shangazi, gauni lako liko kwenye msumari wa pili. Lichukue, na lijalo akushonee binti yako huko huko kwenu."

Mteja alicheka mpaka akakaa chini. Wifi aliondoka bila gauni, na hajarudi kulifuata.

Yaliyotokea ni hayo. Ukoo wangu na wa marehemu hauna kichaa. Atakayetaka zaidi asigonge kwangu, sisemi tena.