Siku Tano za Kumlinda Mjusi wa Shefu

Nawaandikia nikiwa bado naona haya. Shefu wangu wa kazi aliposafiri kwenda Kabalo, aliniachia mjusi wake wa kigeni, mwenye ndevu za miiba, anayeishi ndani ya sanduku la kioo pale biro, ofisini kwetu.

"Akikufa, usinipigie simu," alisema akicheka. Mimi sikucheka.

Sina diplomu ya mifugo, nina simu tu. Humo nilisoma kwamba mjusi huyu akifunga choo anaweza kufa. Basi kila asubuhi nilikagua magazeti yaliyotandikwa chini yake: safi kabisa. Nikaandika daftarini: siku ya kwanza, hakuna, ya pili, hakuna. Siku ya tatu nikaanza kumwogesha maji ya vuguvugu na kumkanda tumbo kwa kidole. Ya tano, nikamwita daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa akisoma daftari langu kwa sauti, wenzangu wote wakisikiliza, Mama Feza anayefagia biro alipoingia na ndoo.

"Mavi?" akashangaa. "Papa daktari, mimi niko natosha yote inje kila asubuhi na kubadilisha magazeti, mbele ya huyu kufika kazini."

Akanigeukia. "Mutoto wangu, ulifikiri iko inangojea ruhusa yako?"