Siku niliyovaa glavu za hospitali kwa sababu ya baridi, waombolezaji wakakimbilia migombani

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa shikamooni.

Mwezi wa tano mwaka 1989 nilimpoteza dada yangu Paskazia. Siku mbili baadaye, nikimpeleka nyumbani kuzikwa, nikapoteza na vidole vyangu kumi.

Vidole vilirudi baada ya saa chache.

Naandika kwa sababu kuna mwenzetu wa ughaibuni ameuliza humu namna ya kupasha mikono joto ukiendesha gari kwenye winter. Wengi mmemtania tu, mkamwambia arudi nyumbani kwenye jua. Mimi nje ya nchi nimefika Mutukula upande wa pili wa mpaka, tena kwa miguu, nikarudi siku hiyo hiyo. Lakini baridi ya mikono kwenye usukani naijua. Nitaeleza kama ilivyokuwa, na pale niliponuka pombe nitasema nilinuka pombe.

Watu wa Makete na Njombe mliozaliwa kwenye baridi, chekeni mmalize.

Ni kweli Bukoba hakuna theluji. Lakini chukua mvua ya masika, chukua ukungu wa Kamachumu kule juu, halafu chukua Land Rover isiyo na kioo cha upande wa dereva. Kioo kilivunjika wakati wa vita, miaka kumi nyuma, na mwenye gari, Mzee Sudi, jirani yetu pale Kibeta mjini, aliweka kipande cha boksi akasema kinatosha. Gari lenyewe alikuwa anabebea samaki kutoka mwaloni, kule ziwani. Heater haikuwepo. Palipokuwa na heater palikuwa na tundu, na tundu lilikuwa linaingiza maji.

Nisimseme vibaya. Aliniazima bure, akaliosha mwenyewe mara tatu kwa sabuni ili dada yangu asinuke samaki. Lilinuka samaki na sabuni.

Sasa niwaeleze kuhusu Paskazia, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotokea.

Alinizidi miaka miwili. Alikuwa Mwanza akifanya biashara ya nguo, akarudi anaumwa. Ugonjwa ni ule. Kwetu wengine ukimwi walikuwa bado wanauita Juliana, na wengine hawakuutaja kabisa, walisema tu "yule naye anaumwa" wakaangalia pembeni. Alikaa kwenye chumba changu Kibeta miezi saba. Nilimlisha, nilimfulia, na siku zilizokuwa mbaya nilimwogesha, maana pale mjini tulikuwa wawili tu. Sisemi hili ili nisifiwe. Hapakuwa na mtu mwingine.

Alipofariki, mama aliyekuwa kijijini Kamachumu alimtuma shangazi na ujumbe mmoja tu. Wiki chache kabla, kijiji cha pili walimzika kijana mmoja, na wanaume waliogopa kugusa jeneza. Walilifunga kamba wakalivuta kutoka kwenye gari mpaka kaburini kama gogo. Mama alikuwepo, aliona.

Ujumbe wake ulikuwa hivi: "Mwanangu abebwe kwa mikono ya watu. Sitaki kingine."

Kule hospitali nesi mmoja mpole alimpa shangazi glavu nyembamba za mpira, akamwambia ni za kumwoshea marehemu. Shangazi alizitazama kama mtu aliyepewa nyoka.

"Huyu nilimwosha siku aliyozaliwa," akasema, "wala sikuvaa kitu."

Akanirushia mimi. Nikaziweka kwenye mfuko wa koti nikasahau.

Tukaondoka Kibeta saa moja asubuhi. Mimi na shangazi mbele, jeneza nyuma chini ya turubai, na vijana wawili wa mtaani wamelishikilia. Mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku. Tulipofika Kemondo lile boksi la dirishani lilikuwa limelowa kama uji. Kabla ya Muhutwe likaondoka na upepo.

Hapo ndipo shule ya mikono ilipoanza.

Kwanza nilipuliza. Kupuliza kunasaidia kwa dakika moja, halafu ule unyevu wa pumzi unageuka baridi na unakuwa umejiongezea tatizo.

Pili nilitumia kwapa. Mkono mmoja usukani, mmoja kwapani, unabadilisha. Ni njia nzuri kama gari halina gia. Letu lilikuwa nazo, na tulikuwa tunaanza kupanda mlima.

"Shika kwa mikono miwili wewe mtoto!" shangazi akafoka. "Unataka kumuua Paskazia mara ya pili?"

"Mikono imekufa shangazi."

"Ikalie."

"Nikiikalia nani ataendesha?"

"Kalia mmoja. Gia nitabadilisha mimi. Si ni hiki kijiti?"

Wakuu, nilikubali. Ndiyo aibu yangu ya kwanza. Mkono wa kushoto niliukalia, wa kulia ukashika usukani, na shangazi, mwanamke wa miaka sitini na rozari shingoni, akashika gia. Nikikanyaga klachi nasema "mbili!" naye anavuta.

Mara tatu alipatia. Akaanza kufurahi, akasema kazi ya udereva watu wanaikuza bure. Mara ya nne tulikuwa kwenye kona kali, yeye akiwa katikati ya Salamu Maria, nikasema "moja!" naye akavuta anakokujua yeye. Gari lililia kama ng'ombe anayechinjwa, likazima, likaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Vijana kule nyuma wakapiga kelele, mmoja akaruka.

Tukasimama tako la gari likiwa ndani ya kibanja cha mtu, katikati ya migomba.

"Ulisema moja au rivasi?" shangazi akauliza.

"Moja."

"Basi sema kwa sauti."

Yule kijana akarudi amejaa tope, akapanda. Tukaendelea. Gia nikairudisha kwangu.

Njia ya tatu ilikuwa ndizi. Shangazi alikuwa na matoke ya njiani kwenye kikapu, yamefungwa kwa majani ya mgomba, bado ya moto. Akanipa furushi dogo nishike pamoja na usukani. Nasema kweli, ule moto ulikuwa mtamu kuliko chakula chenyewe. Lakini kona mbili tu, furushi likapasuka. Ndizi zikasambaa kwenye usukani wote, usukani ukawa unateleza kama samaki. Shangazi akafuta kwa kanga huku akinilaumu kwamba nimebana kama mshamba.

Njia ya nne nawaomba msiijaribu. Shangazi alibeba chupa ya nkonyagi, yaani gongo letu la ndizi, kwa ajili ya wachimba kaburi. Akasema pombe ni moto, jipake. Nikasimamisha gari akanimiminia kama maji ya kunawa. Ikawaka kidogo. Halafu upepo ulipoipiga ikawa baridi ambayo sijapata kuijua maishani. Vidole vikawa vyeupe. Sikusikia usukani, sikusikia gia, niliangalia kwa macho ili nijue kama nimeshika.

Nilikunywa pia kifuniko kimoja. Viwili.

Ndipo nikagusa mfuko wa koti nikakuta zile glavu.

Sikufikiri kitu chochote isipokuwa baridi. Nikazivaa kwa shida, juu ya mabaki ya ndizi na pombe. Na hapa ndugu yetu wa winter asikilize: zilifanya kazi. Mpira unazuia upepo. Mikono haikupata moto, lakini iliacha kuwa mibaya zaidi, na nikaweza kukunja vidole. Nikapanda mlima wote uliobaki kwa mikono miwili, vizuri kabisa.

Nikaingia nyumbani nazo.

Watu walikuwa wamejaa uwanjani, mvua imepungua. Mama alikuwa mlangoni. Wanaume sita walikuwa wamejipanga kupokea jeneza, wakiongozwa na Ta Byabato. "Ta" kwetu ni heshima ya mwanamume mzima. Huyu alikuwa jirani yetu, mtu mwenye sauti kubwa na kofia ya pama, na ndiye aliyekuwa anapanga wabebaji kwenye misiba yote ya pale. Walikuwa tayari. Mama alikuwa amewazungukia mmoja mmoja siku nzima ya jana yake kuwaomba.

Nikashuka. Nikanyoosha mkono kumsalimia Ta Byabato.

Akauangalia mkono. Akarudi hatua moja. Wale watano wakarudi mbili.

"Za hospitali hizo," mmoja akasema.

"Ndugu yake wa tumbo moja anaogopa," mwingine akasema, "sisi ni akina nani?"

Nikajua nimefanya nini. Nikamwona mama ameshika mwimo wa mlango.

Nikaanza kuzivua haraka. Hazikuvulika. Vidole havikuwa na nguvu, ndizi ilikuwa imekauka ikawa gundi. Nikauma ncha ya glavu kwa meno nikavuta. Mpira ukarefuka, ukarefuka, nikavuta na shingo kama mbwa na mfupa, ukakatika. Kile kidole cha mpira kikaruka kikatua kwenye shavu la Ta Byabato, kikanata.

"Nimeguswa! Waitu nimeguswa!"

Waitu ni kama kusema jamani. Aliirusha kofia, akakimbilia migombani. Na watu wa kwetu mtu mzima akikimbia hawaulizi, hata wale vijana wetu wawili wa nyuma ya gari wakafuata. Uwanja ulibaki na mimi, shangazi, mama na mbuzi.

Mama akaja. Akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akainusa.

"Deo, umekunywa?"

"Vifuniko viwili, mama. Shangazi aliniosha nayo."

"Na hii ni nini?"

"Ndizi."

"Na hizi za mpira?"

"Baridi mama. Gari halina kioo."

Akaingiza kucha zake chini ya mpira akazichuna kama anavyomenya ndizi. Alipofika kwenye ngozi alishtuka. Akageukia migomba akapaza sauti:

"Tokeni! Huyu mtoto ana baridi tu! Ana mikono ya chura!"

Sauti ya Ta Byabato ikatoka kwenye majani: "Baridi ya namna gani?"

"Njoo ushike!"

Shangazi naye akachukua zamu yake. "Miezi saba amemwogesha dada yake kwa mikono hiyo hiyo mitupu! Mnakimbia mpira? Mpira haujawahi kumwogesha mtu!"

Ta Byabato akatoka bila kofia. Alikuwa na aibu, na nadhani alikuwa anatafuta sababu ya kurudi. Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, kama tunavyosalimiana kwetu, bila kuuachia haraka.

"Kweli," akasema. "Hiki ni chura. Njooni mwone, huyu amekufa kabla ya kuzikwa."

Mtu akacheka. Mwingine akaja kushika, akaruka kwa baridi, wakacheka tena. Wakaja wote sita, halafu na wengine, kila mmoja akitaka kuhakikisha. Walipanga mstari. Nilisimama pale kwenye mvua nikishikwa mkono na kijiji kizima kama Askofu.

Sijui nani aligundua kwanza. Nadhani ni Ta Byabato, maana aliacha kucheka ghafla, akaangalia viganja vyake. Mikono iliyomwogesha Paskazia miezi saba walikuwa wameshaishika wote, tena kwa muda mrefu, wakicheka. Hapakuwa na sababu iliyobaki ya kuogopa jeneza.

Akaokota kofia yake, akaifuta tope.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Tumbebe mtoto wetu."

Wakambeba kwa mikono. Mimi nilishika mbele kushoto, lakini vidole havikufunga, kishikio kikawa kinaniponyoka. Ta Byabato alikuwa nyuma yangu. Akahama, akaja akaweka mkono wake juu ya wangu akaukaza, tukaenda hivyo mpaka kaburini.

Wakuu, funzo langu ni la mtu wa darasa la saba, mlipokee hivyo hivyo. Kwa ndugu wa winter: zuia upepo kwanza, joto litafuata. Usipake pombe. Usimpe shangazi gia. Na ukifika mahali watu wana huzuni, angalia umevaa nini mikononi kabla hujashuka.

Wenye njia nyingine za kupasha mikono waweke hapa chini, na waliobeba wapendwa wao miaka ile nao wakijisikia waseme. Nitasoma yote. Kuandika kwangu ni polepole, msinione ninanyamaza.

Kuna kipande kimoja kimebaki.

Tulipotoka kaburini mama alikuwa ameweka beseni la maji ya moto uwanjani ili waliozika wanawe mikono. Mimi nilifika wa kwanza, nikachuchumaa nikazamisha mikono mpaka kwenye viwiko. Vidole vikaanza kuuma vyote kumi, kimoja kimoja, na mimi ambaye sikuwa nimelia hospitali wala njiani wala kaburini nikawa nalia ndani ya beseni.

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu.

"Deo," Ta Byabato akasema, "toa mikono. Si wewe peke yako uliyezika."

Nikasema bado.

Mama akaja na sufuria, akaongeza maji ya moto.