Fumbo Aliloambiwa Mtoto Mchanga

Sikiliza, rafiki, nikueleze neno fumbo. Limetoka katika kufumba, kama unavyofumba mkono: kitu kimo ndani, lakini wa kukifumbua ni wewe.

Mimi nilifundishwa na mama mkwe, alipotoka mtaa wa Katuba kuja kwetu mtaa wa Hewa Bora kutusaidia na mtoto mchanga. Kwetu, mama mkwe hamwombi mkwe wake kitu uso kwa uso, ni heshima. Basi asubuhi moja ya mwezi wa sita, nikiwa pale pale, akamwambia mjukuu wake, ambaye kwa utani humwita mume, naye hujiita kambo, yaani bibi: "Bwana yangu, hapa kwenu baridi iko mingi! Itaua kambo yako. Afazali nirudie kwangu Katuba."

Nikakimbia kumletea mtoto blanketi la pili.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Weye! Mutoto iko anatoka jasho. Mama ndio iko anasikia baridi. Akienda, nani atanisaidia?"

Jioni hiyo blanketi zito lilikuwa kitandani kwa mama mkwe, na safari ya Katuba haikutajwa tena.

Mzee akimwambia mtoto jambo mbele yako, usijibu. Lifanye kimya kimya.